Mchagua Bunduki Nyuma ya Matete

Kwa miaka minane nilimpikia mtu ambaye sikuruhusiwa kumtazama. Nilikijua kikohozi chake cha asubuhi na kile cha jioni, maana havikufanana. Nilijua kwamba mguu wake wa kushoto huburuta akichoka, na kwamba akikasirika hupumua kwa pua kabla ya kusema neno. Uso wake sikuujua. Kama angefariki mwaka wa tano, nikaonyeshwa wazee watatu waliolazwa na kuambiwa nimchague wangu, ningemlilia mtu mwingine.

Alikuwa baba wa mume wangu. Kwa Wanyakyusa, ambako niliolewa, mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake, wala hali naye, wala hamjibu. Desturi hiyo wao huiita ukutila. Ukimwona anakuja njiani unaingia majanini, unainama mpaka apite. Hata jina lake hulitaji, na neno lolote linalofanana nalo unaliacha. Lake lilifanana na neno lao la mvua, kwa hiyo mawingu yakifunguka mimi nilisema "yale ya juu yanaanguka," na wanawake wa jirani wakanicheka. Watu wote walimwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo.

Mimi ni Mkisi, mtoto wa mfinyanzi wa Lyulilo. Nyumbani kwa mama yangu adabu kwa wakwe ilikuwa ya maneno tu, hatukuwa watu wa kurukia vichaka. Nilipoolewa nilikuta kwamba napaswa kumkimbia mzee mmoja, na hakuna aliyeweza kunionyesha ni yupi, kwa sababu kunionyesha kungekuwa kumtazama. Basi nikawakimbia wazee wote. Kulikuwa na mchuuzi wa chumvi, mzee mwenye upara na fimbo, ambaye nilimkimbia nikaingia majanini siku nne mfululizo, mtungi kichwani, mpaka akaanza kutembea kwa maringo. Kumbe Fundi alikuwa akipita njia nyingine kabisa. Aliposikia habari ile alicheka hadi akashikwa na kikohozi. Kile kilikuwa kicheko chake cha kwanza kunifikia.

Kwao vijana wakioa hujenga kijiji chao mbali na cha baba zao, na hivyo mambo huwa rahisi. Lakini mume wangu alikuwa mtoto wa pekee, na mama yake alipofariki Fundi alibaki peke yake kule upande wa Ndandalo, anakula ndizi za kuchoma asubuhi na jioni. Mume wangu hakuvumilia. Alimleta kwetu karibu na Matema, akamjengea nyumba nyuma ya yetu. Wazee walinung'unika sana. Ili kuwanyamazisha akapiga ua wa matete kati ya nyumba hizo mbili, mrefu kuliko mtu, uliosukwa mara mbili. Kisha akaenda safari. Alikuwa mpagazi wa wafanyabiashara, mtu wa kuondoka mahindi yakipandwa na kurudi yakiwa ghalani, na sisi hatukujaliwa mtoto. Tukabaki watu wawili na ua.

Chakula chake nilikisukuma kwa kijiti kupitia tundu lililokuwa chini ya matete, ambalo kuku walikuwa wakipita. Yeye alikuwa na mbwa mmoja mwekundu, mvivu, na mbwa huyo ndiye aliyekuwa mkalimani wetu.

"Mbwa," Fundi alisema, "mwambie aliyepika kwamba maharage ya leo yamekutana na chumvi nyingi."

Mimi sikuwa na mbwa. Nilikuwa nageukia chungu chochote kilichokuwa karibu. "Chungu wewe, hebu mwambie anayekula kwamba samaki wa jana ndiye aliyekuwa na chumvi. Ulimi wake haujasahau."

"Mbwa, umesikia? Anasema ulimi wangu ni mzee."

"Chungu, mimi sijasema hivyo."

Wakati mwingine tuliendelea namna hiyo mpaka chakula kikapoa. Sijui sheria ilisemaje kuhusu mbwa na vyungu, na sikumwuliza mtu. Siku nyingine hakusema kitu tangu asubuhi hadi jioni, nami nikakaa nafinyanga nikisikiliza pumzi yake upande wa pili. Upweke wa siku hizo ulikuwa mzito. Naweza kusema nilimpenda mzee yule, na sikuwa na pa kulipeleka pendo lenyewe isipokuwa kwenye tundu la kuku.

Kazi yake ilikuwa kuchagua bunduki. Hakuziunda, na kuzitengeneza alitengeneza mara chache kwa kulalamika. Watu walimletea bunduki wanazotaka kununua, naye akawaambia chukua au acha. Enzi zile za Wajerumani haikuwa rahisi kwa mtu wetu kumiliki bunduki. Ilibidi uwe na cheti cha boma, na aliyekipata alikuwa amekingoja sana. Wengi walikuwa na magobori, yale ya kushindilia baruti kwa mti kupitia mdomoni. Kisha zikaanza kuja bunduki za marisau, zile zinazotema risasi ndogo ndogo nyingi kwa mpigo, zenye mitutu miwili na kukunjika katikati kama mtu anayeinama. Wazungu wa mashamba walipokuwa wanarudi kwao waliziuza, na wachuuzi wakazileta Lyulilo kwa mtumbwi pamoja na chumvi na nguo. Nyingine zilikuwa nzuri. Nyingine zilikuwa zimepakwa mafuta juu na kuoza ndani, na za namna hiyo ndizo zilizong'aa zaidi.

Swali lake la kwanza lilikuwa moja siku zote. "Unataka kumpiga nani?"

Aliyejibu kanga au bata aliambiwa akae. Aliyejibu nguruwe wanaokula mihogo yake aliambiwa akae pia, ila bunduki yake itakuwa nyingine. Aliyejibu kiboko aliambiwa aende kwa mtu mwenye bunduki ya risasi moja kubwa, au ahamishe shamba. Na alikuja mmoja, nakumbuka, akanyamaza kidogo kabla ya kujibu. Fundi akamwambia arudi akiwa amelala vizuri. Hakurudi.

Baada ya hapo alimpa mtu bunduki aishike mikono yote miwili, akaanza kumsimulia habari ndefu isiyo na maana, ya mjukuu wa jirani au ya ng'ombe aliyepotea. Yule mtu alidhani ni maongezi. Mikono yake ikianza kushuka kabla ng'ombe hajapatikana, Fundi alisema, "Hiyo nzito kwako. Kanga hatakungoja upumzike." Halafu alimwambia afumbe macho, ainyanyue begani upesi, ndipo afumbue. Jicho likijikuta limelala sawasawa juu ya mtutu, kitako kimekutana na bega lake. Likijikuta linachungulia pembeni, bunduki ile ni ya mtu mwingine, hata iwe nzuri vipi. Aliitikisa karibu na sikio asikie kama bawaba yake inacheza. Aliikunja, akaelekeza mtutu mbinguni na kuchungulia ndani. Alisema mwanga ndani ya mtutu mzima hukaa kwa duara, na penye bonde duara huvunjika. Mimi mtutu sikuuona. Nilimsikia tu akiguna, na kwa miguno yake nilijua duara zimevunjika ngapi.

Jambo la mwisho ndilo lililonishika. Aliufungua mtutu kutoka kwenye mti wake, akauning'iniza kwa kidole kimoja, akaugonga kwa ukucha. Mtutu mzima huimba. Sauti inaanza, inakaa, inaondoka taratibu. Mtutu wenye ufa hukata sauti, hata kama ufa wenyewe haushikiki kwa jicho. Mimi niliposikia mara ya kwanza niliacha udongo mkononi. Kwetu chungu kikitoka motoni tunakigonga hivyo hivyo, na kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto wa mfinyanzi hulijua jambo hilo kabla hajajua kufunga nguo.

Ukali alikuwa nao. Wapenda mapambo aliwasema bila huruma. Mtu akisifia nakshi za fedha kwenye bunduki, Fundi alimwuliza kama anataka kuwinda au kuoa. Lakini kigoda chake mwenyewe alikipaka mafuta kila asubuhi, na mtu akikikalia ilikuwa kesi. Aliwafundisha wengine kupiga, ila yeye hakuwa na bunduki hata moja, na nyama ya bunduki hakula. Nilipompa kipande cha kanga kilirudi kupitia tundu na maneno ya mbwa: "Mwambie mimi nimeshamjua huyu tangu akiwa anakimbia." Radi ilimtisha kuliko mtoto. Mtu aliyeishi kwa milio aliingia chini ya kitanda cha miti mawingu yakiguna. Nilimsikia akimvuta mbwa aingie naye.

Kulikuwa na bwana mmoja wa boma aliyependa kulenga shabaha kwa mchezo. Alikuja ziwani siku za mapumziko na viti, meza na wapishi, akaagiza vyungu virushwe hewani ili avipige. Fundi ndiye aliyemchagulia bunduki ya mchezo ule, nyepesi, yenye mitutu mirefu, inayorudi begani kama imezaliwa hapo. Alirudi nyumbani amechanganyikiwa. "Mbwa," alisema, "leo nimemwona mtu mzima anapiga chungu. Hakuna aliyekula. Hata hakikuwa na kitu ndani." Kisha akasema kwa sauti ya kukubali: "Lakini chungu hakikimbii kwa bahati. Ukikikosa, umekikosa wewe." Kina mama wa Lyulilo nao walicheka wiki nzima, halafu wakaanza kufinyanga vidogo, vyembamba, visivyofaa kupikia uji, mahususi kwa bwana wa vyungu. Mama yangu alitengeneza vingi kuliko wote na hakuona haya.

Ndipo Fundi akapata wazo lake. Vyungu vyangu vilivyopasuka motoni, ambavyo nilikuwa navitupa, mbwa aliambiwa aniombe. Fundi alivisimamisha hatua thelathini, mteja akapiga mtutu wa kushoto chungu kimoja, wa kulia kingine, kisha vikaletwa hadi kwenye tundu la kuku. Macho yake ya karibu yalikuwa yameanza kufifia. "Mbwa, mwambie mfinyanzi atazame matundu."

Nami nilitazama. Nilipitisha kidole juu ya udongo uliotobolewa, nikajua bunduki imetawanya vipi. "Chungu, mwambie Fundi wa kushoto umejaza vizuri mpaka kwenye shingo. Wa kulia umeacha uwazi katikati, kanga angepita hapo na watoto wake."

Alimwambia mteja maneno hayo kana kwamba ni yake, na mimi sikuudhika. Kwa miaka mitatu tulifanya kazi hiyo pamoja, yeye kwa mkono na mimi kwa kidole, na mume wangu alipokuwa safarini zile ndizo saa ambazo sikutamani kuwa mahali pengine.

Masikio yake yalianza kufa polepole. Bunduki ngapi zilikuwa zimelia kando ya kichwa kile, sijui. Waliomtembelea hawakugundua, kwa sababu walimwona, na aliyemwona alidanganywa na kichwa chake. Alikuwa na namna ya kuitikia, waliniambia baadaye, kichwa kinashuka taratibu, macho yanatabasamu, ukadhani amekumeza mzima mzima. Mimi sikukiona kichwa. Nilikuwa na sauti tu, na sauti iliniambia kweli. Mbwa alibweka, Fundi akasema mbwa amelala. Nilimtania kupitia chungu, jibu likaja la jambo lingine. Mtutu aliokuwa akiugonga mara moja akaugonga mara mbili, halafu mara tatu, halafu akauweka karibu sana na sikio. Bado aliamua, na kwa muda mrefu aliamua sawa, kwa mkono na kwa mazoea. Lakini niliogopa. Alikuwa amewahi kumsimulia mteja habari ya mtu wa milimani ambaye mtutu wake ulipasuka usoni, akaishi miezi miwili bila taya. Alisimulia ili kumwonya mteja. Mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Ningemwambia nani? Mume wangu alikuwa njiani mahali nisipopajua. Kumwambia jirani kungekuwa kumnyang'anya mzee riziki na jina lake kwa mdomo wa mke wa mwanawe. Yeye mwenyewe nisingeweza kumwambia. Mbwa na vyungu vilikuwa vya mizaha. Nikanyamaza mwaka mmoja na nusu. Kila mtutu ulipogongwa nilishika pumzi mpaka niusikie ukiimba, na yote iliimba.

Siku moja ya kiangazi alikuja mwalimu wa shule ya misheni ya Matema, kijana mwenye sauti safi, aliyesumbuliwa na nyani shambani na aliyetamani kanga kwenye chakula chake. Alikuwa amepewa cheti. Alileta bunduki ya mitutu miwili iliyotoka kwa mchuuzi wa Lyulilo, na kijijini watu kama saba wakamfuata kutazama. Mambo yakaenda kama kawaida. Alishika, akasimuliwa ng'ombe, mikono haikushuka. Alifumba macho, akainyanyua, jicho likalala sawa. Nilisikia watu wakisifu. Kisha Fundi akaufungua mtutu, akaugonga.

Haukuimba. Ulitoa sauti fupi, kavu, ikafa pale pale. Akaugonga tena, nao ukafa tena. Mara ya tatu. Nikangoja asikie.

"Huu unaimba," alisema. "Chukua."

Hapa lazima nieleze desturi moja aliyokuwa nayo. Risasi ya kwanza ilikuwa ya mwenye bunduki kuipiga. Fundi hakumpigia mtu, wala hakuruhusu bunduki ifungwe mahali ikavutwa kwa kamba. Alisema bunduki isipokutisha mara ya kwanza hutaiheshimu. Kwa hiyo mwalimu alikuwa anapakia pale pale, na watu wanamsogezea chungu changu.

Nikachukua mtungi uliopasuka, nikaugonga kwa nguvu karibu na matete. Mara tatu, sauti ile ile kavu, ili aifananishe. Hakusema kitu. Nikapaza sauti: "Chungu! Mwambie Fundi mtutu umekufa!" Watu walinyamaza, nikajua wamenisikia, na kwamba wameona haya kwa niaba yangu. Fundi akasema kwa utulivu, "Piga, mwalimu. Egemea mbele kidogo."

Nikazunguka ua. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka udongo mikononi na jua, na kwamba niliushika mtutu wa bunduki ya mwalimu kwa mikono yote miwili nikaushusha chini.

"Una ufa," nilisema. "Leteni maji."

Mwalimu alikuwa na akili. Hakubishana. Alitoa risasi, akaufungua mtutu, mtu mmoja akaziba chini kwa udongo wangu mwenyewe, wakajaza maji. Tukasubiri kama tunavyosubiri na mtungi mpya. Baada ya muda, upande wa chini, pale mitutu miwili inapoungana, chuma kikaanza kutoa jasho. Tone moja likatokea, likateleza, likaanguka. Mwalimu alikaa chini vumbini. Wengine wakageuka, si kunitazama mimi, bali kumtazama Fundi.

Nami nikageuka. Ndipo nikaona kwamba Fundi alikuwa amejifunika kichwa kizima kwa shuka yake. Alisimama katikati ya watu wake kama mwali, mikono imeshika shuka chini ya kidevu, amenipa mgongo. Aliyevunja sheria nilikuwa mimi, na aliyetakiwa kujificha nilikuwa mimi. Yeye alijificha ili isemekane kwamba hakuniona.

"Mbwa," alisema ndani ya shuka, "leo hakuna mtu aliyepita hapa."

Nilirudi upande wangu. Wazee walitaka ng'ombe wa kusafisha kosa lile, na Fundi akawajibu kwamba yeye hakuona kosa lolote, na asiyeona hadai. Lakini watu saba walikuwa wameona, na walichoona zaidi ni kwamba Fundi hakusikia. Habari ilifika Ndandalo kabla ya jua kutua.

Hakuna aliyekuja tena. Mwalimu alileta mchele kwa shukrani, akauleta kwangu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kila asubuhi nilimsikia Fundi akipaka kigoda mafuta, akikaa, akingoja. Niliendelea kuweka vyungu vilivyopasuka kwenye tundu. Vilikaa pale mpaka majani yakaota ndani yake. Nilijua nimemwokoa kijana wa watu, na ningefanya tena. Nilijichukia hata hivyo. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu pamoja na hayakupatana.

Na masikio yale yalipofunga kabisa, tulipoteza hata mbwa wetu. Fundi alisema, "Mbwa, mwambie mwenye nyumba leo kuna baridi," nikajibu, na jibu langu halikufika. Alirudia. Baadaye akaacha kusema. Kiziwi unaweza kuongea naye uso kwa uso, kwa midomo na mikono, mtu yeyote angeweza kumfanyia hivyo isipokuwa mimi niliyekuwa karibu naye. Tuliishi hivyo zaidi ya mwaka. Nilisukuma chakula, chombo kikarudi kitupu, na hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu.

Kisha vita vya Wazungu vikafika ziwani. Boma likakusanya bunduki zote, hata magobori, na likakusanya wanaume wa kubeba mizigo. Mume wangu alikuwa nyumbani mwezi ule, ndiyo bahati yetu. Alichukuliwa pamoja na wengine kumi na wawili. Alipoaga alikwenda upande wa pili kwa baba yake, akakaa huko muda mrefu bila sauti, kisha akapita kwangu akaniambia, "Mwangalie." Nikamjibu kwamba hilo ndilo pekee nisiloweza. Alicheka kidogo. Hicho ndicho nilichobakiwa nacho.

Wajerumani wakaondoka, wakaja Waingereza, na wapagazi wakaanza kurudi mmoja mmoja, wengine wakiwa mifupa. Aliyetuletea habari alikuwa mtu wa kijiji cha jirani. Alinikuta nafinyanga. Alisema mume wangu alishikwa na kuhara damu huko kusini, wakamlaza chini ya mti, na asubuhi wakamfukia kwa mikono kwa kuwa majembe yalikuwa yametangulia na msafara. Nilimsikia vizuri sana. Nikamwomba afanye jambo moja, azunguke ua akamwambie baba yake.

Alizunguka. Nilikaa kwenye matete nikasikiliza. Alisalimia kwa heshima, akaeleza yote kwa sauti ya chini, sauti ya msiba, kama inavyotakiwa. Alipomaliza kukawa kimya. Nami nilikijua kile kimya. Kichwa kilikuwa kinashuka taratibu.

"Vizuri," Fundi alisema kwa uchangamfu. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Mwambie asichelewe, mvua ziko karibu."

Yule mtu alitoka akilia, akapita mbele yangu bila kusimama.

Niliosha mikono. Nikazunguka ua kwa mara ya pili katika maisha yangu, mchana, nikitembea kama mtu anayekwenda kisimani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamsugua mbwa shingo. Aliponiona alishika shuka yake, nami nikatikisa kichwa. Mkono wake ukabaki hewani. Nilipiga magoti mbele yake, nikataja jina la mume wangu wa ujana, polepole, mdomo ukiwa wazi, kisha nikachota vumbi kwa mkono wa kulia nikaumwagia wa kushoto mpaka ukafunikwa.

Alitazama mkono ule. Akaufukua yeye mwenyewe kwa vidole vyake, akaufuta, kana kwamba ningeweza kuwa nimekosea. Nikauficha tena. Safari hii hakuugusa.

Nilingoja alie na hakulia. Mwishowe alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia:

"Basi wewe si mkwe wa mtu tena. Sina mwana, nitakuwaje na mkwe? Inua uso, binti yangu, tutazamane."

Nikainua. Yalikuwa macho ya mume wangu. Ilikuwa pua yake, na lile paji lililokunjana upande mmoja, na mdomo wa chini uliotangulia alipotaka kusema jambo akaliacha. Nywele zilikuwa nyeupe na mashavu yameingia ndani. Mtu niliyekuwa nimetoka kuambiwa kwamba hatazeeka alikuwa amekaa mbele yangu, mzee, ananitazama, na kwa miaka minane nilikuwa nimempitishia chakula kwenye tundu la kuku.